Maji Sawa

Wacha niseme ile mbaya kwanza, ndio nikianza kuchekesha usiisahau: nilipoenda likizo ya kujitafuta, niliombea boila yangu isumbue watu. Sio ilipuke, hapana. Igome tu kidogo, mpaka mtu huko ofisini aseme, "Kumbe huyu mtu ndiye alikuwa anashikilia hii kampuni." Na kusaidia maombi, kuna kitu kimoja nilikuwa najua juu ya hiyo boila, na sikumwambia mwenye nilimwachia. Mwenye nilimwachia ni rafiki yangu.

Nilikuwa mtu wa boila kwa kiwanda moja Thika, miaka kumi na moja. Shule niliachia Form Two, kabla mwalimu wa fizikia afike kwa mvuke, kwa hivyo mvuke nilijifunza na masikio. Boila ni birika tu, isipokuwa ni refu kama lori. Unaweka kuni, maji inachemka, mvuke inaenda kuzungusha mambo ya wenyewe. Kazi yako ni mbili: moto usizime, na maji isiishe. Maji ikiisha na moto bado uko, chuma inakuwa nyekundu huko ndani. Sasa mtu asiyejua akiwasha pampu, maji baridi iguse hiyo chuma, birika inaondoka na ukuta, na wewe pamoja.

Kujua maji iko wapi, unaangalia kioo. Ni mrija mrefu wa glasi kando ya boila. Maji ikiwa nusu kwa kioo, ni nusu ndani. Lakini sisi tulitumia maji ya kisima, ina chumvi mbaya, na ile chumvi inaganda kwa kapaipu kanakopeleka maji kwa kioo. Kakiziba, kioo inakwama. Ndani maji inaisha, nje unaonyeshwa nusu, safi, imetulia kama picha. Kengele ya kutuonya ilikatwa waya kitambo, maana ilikuwa inalia hata bila sababu.

Dawa nilikuwa nayo mimi. Kila saa nafungua koki ya chini, nagonga kona ya hako kapaipu na spana mara tatu, chumvi inatoka, na maji kwa kioo inaanza kucheza tena. Maji ya ukweli hucheza. Sikuandika hiyo mahali popote. Kwa daftari ya shifti tuliandika "Maji sawa" kila saa, na wacha niseme pia hii: hizo za masaa yote nane ya shifti tulikuwa tunaziandika asubuhi mara moja, tukikunywa chai, ndio mwandiko ukae vizuri.

Hii maneno ya kujitafuta ilinishika nilipofikisha arobaini. Mtu alisema kwa redio kwamba mwanaume lazima asimame aulize roho yake inaenda wapi. Nikaomba mwezi moja bila mshahara. Mke wangu aliniangalia akiwa kwa mlango wa jikoni.

"Ujitafute? Kwani umepotea? Si ni wewe huyo unamaliza mkate?"

"Huu ni mwili tu, mama watoto."

"Basi ambia mwili utoe viatu kwa kapeti."

Rafiki yangu alikuwa upande wa kuni. Miaka sita ananisukumia magogo na mkokoteni, na miaka sita ananiita Profesa kwa sababu ya ile Form Two. Nilimfundisha boila siku mbili. Moto, pampu, mshale wa presha, daftari. Mwisho akauliza, "Ni hayo tu, Profesa?"

Spana ilikuwa kwa mfuko wangu wa nyuma. Niliisikia hapo.

"Ni hayo tu, mkubwa."

Nikaenda nyumbani Ruiru. Nikanunua daftari, nikaandika juu kabisa, MIMI NI NANI, nikakaa kwa balkoni kati ya nguo za watoto. Niliandika "baba." Niliandika "mtu wa boila." Hapo wino ukaanza uvivu. Kufika siku ya tatu nilikuwa nimejitafuta kila chumba, na nyumba ina vyumba viwili.

Siku ya tisa, jioni, rafiki yangu akanipigia.

"Profesa, boila yako siku hizi ina adabu."

"Adabu aje?"

"Leo maji imekaa hapo nusu karibu saa nzima. Haitingiki, haiombi pampu. Baadaye ndio ikaanza kucheza. Nafikiri ilikuwa inachukia wewe tu. Mimi inanipenda."

Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe nani hawezi kukupenda?" Na yeye akacheka, tukaongea mambo ya mpira, akakata simu. Kumwambia agonge na spana ingechukua pumzi moja. Lakini kichwani kulikuwa na mtu mdogo anasema, ngoja, imeanza kuwasumbua, kesho watapiga simu.

Asubuhi nilirudi kwa balkoni na daftari yangu. MIMI NI NANI. Kabla nifikirie, mkono ukaandika "mtu anangoja." Nikaangalia hiyo neno. Anangoja nini? Ndio nikasikia harufu. Mke wangu alikuwa ameteleka maji ya chai, akashuka chini kwa duka, na mimi mwanafalsafa nimekaa hapo mpaka maji ikakauka. Sufuria ilikuwa imegeuka rangi chini, inalia tik, tik. Nilizima gesi.

Nikampigia rafiki yangu. Simu yake iko kwa loka. Kwa boila haturuhusiwi kuingia na simu. Nikapigia ofisi, ikalia mpaka ikachoka. Nikachukua ile spana, nikashuka ngazi na slipasi, nikashika boda.

"Mzee, ni hospitali?"

"Thika. Haraka."

"Kuna mgonjwa?"

"Bado."

Njia yote nilikuwa naangalia mbele, natafuta chimni yetu. Nilipoiona imesimama sikufurahi. Iliniangalia tu, inatoa moshi mzuri, mweupe, kama siku yoyote ile. Soja wa geti akatabasamu. "Eh, umejipata?" Akaanza kutoa kitabu cha wageni. Nikapita chini ya kizuizi kama mwizi.

Rafiki yangu alikuwa kwa stuli yangu, na mandazi. Kioo ilikuwa nusu. Imetulia. Lakini ndani ya hiyo nyumba kulikuwa na harufu ya rangi inaungua.

"Karibu, Profesa! Umeona? Adabu."

Nikafungua koki. Nikagonga mara tatu. Vipande vyeupe vikaruka, halafu maji kwa kioo ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, ikapotea chini, na haikurudi.

"Ngai, Mungu wangu," akasema pole pole. Na mkono wake ukaenda kwa swichi ya pampu, vile mtu yeyote angefanya, vile mimi nilimfundisha.

Nikamgonga huo mkono na spana.

"Usiguse! Toa moto!"

Tulivuta magogo yakiwaka mpaka kwa sakafu, yeye na mkono moja. Tukatoa kila mtu nje. Kiwanda yote ilisimama kando ya ua tangu hapo mpaka alasiri, tunasikiza chuma ikipoa. Tik. Tik. Mimi na slipasi zangu.

Supavaisa akaja na daftari. Maji sawa, maji sawa, mpaka saa ambazo hazikuwa zimefika.

"Nani alikuwa kwa boila?"

"Ni mimi," rafiki yangu akasema. Alikuwa ameshika kidole, kimefura. Hakunitazama. Na najua ningenyamaza, ningetoka hapo shujaa mwenye aliacha likizo akaokoa watu.

"Hako kapaipu nilikajua tangu mwaka jana," nikasema. "Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Nilitafuta utani kila mfuko. Hakukuwa.

"Nilitaka mnitafute."

Likizo yangu iliongezwa muda bila mimi kuomba. Siku hizi nalisha kuku za dadangu huko Kalimoni, na wao wananiona wa maana sana asubuhi na jioni. Boila ilitengenezwa. Rafiki yangu aliachiwa hiyo kazi yangu ya boila, na Jumapili moja akaja kunitembelea, kidole kimepona kikiwa kimepinda. Nikamwambia pole. Nikacheka kidogo nikisema hivyo, ni tabia. Yeye hakucheka. Alikunywa chai yote, akageuza kikombe kwa sahani, akasimama.

"Wewe ulikuwa unajitafuta na biro," akasema. "Mimi ningetafutwa na koleo, chini ya kifusi. Hiyo spana nimeifunga na kamba kando ya kioo, na nimeandika kwa ukuta, mwenye atakuja ajue. Kila saa nagonga mara nne. Tatu ni za chumvi. Ya nne ni yako."