Kifua Kikinyamaza Si Kupona

Juzi hapa Bungu tumemzika binti wa darasa la nne, na mpaka naandika haya hasira haijanitoka. Mnaonisoma kila wiki mmezoea nikiwasema wakubwa wa ofisi za Kibiti. Leo nawasema majirani zangu, na atakayekasirika akasirike. Mtoto huyo hakuwa ndugu yangu. Alikuwa rafiki wa mwanangu, akitoka madrasa anapitia kwangu. Amekufa kwa pumu, mchana kweupe, watu wake wamemzunguka, kila mmoja akiamini anamsaidia.

Alikuwa na mdomo yule mtoto. Mwanangu naye ana pumu, basi walikuwa wakibishana kifua cha nani kinalia zaidi. "Changu filimbi ya refa," akimwambia, "chako birika la chai tu." Yeye hakuona aibu. Siku moja, msimu watu wanachoma mashamba na moshi umelala mpaka barabarani, aliingia kwangu akitaka maji, na neno moja likawa linatoka kwa vipande. Pua inatanuka, mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Hospitali nilishafundishwa, mtoto asiyeweza kumaliza sentensi hangojwi. Nikamkalisha wima, nikampulizia pumpu ya mwanangu, ile dawa ya pumu ya kuvuta kwa mdomo, kupitia chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako, nikaita bodaboda, njia nzima naendelea kumpulizia mpaka kituo cha afya. Jioni akarudi anacheka, na pumpu yake mwenyewe mkononi.

Kesho yake mama yake akanijia juu. "Shoga, nani kakutuma? Mtoto akishazoea pumpu haiachi tena. Na watu wakijua binti ana pumu, nani atamchukua?" Nikamwambia, "Yuko la nne, ushaanza kumtafutia mume?" Akanijibu, "We wako wa kiume, utajulia wapi." Tangu hapo mtoto akakatazwa kuja kwangu, na pumpu ikafungiwa kabatini, wageni wasiione.

Siku aliyokufa mimi nilikuwa Kibiti, haya nimeyasikia msibani. Wanaume walikuwa wameshatoka na jeneza, sisi wanawake tumebaki kwenye mikeka, na bibi yake anasimulia. "Kilikuwa kinalia kile kifua, mpaka uani kinasikika. Nikaweka makaa, nikatia ubani, nikamfunika kanga nikamfukiza. Kikanyamaza kabisa. Nikasema alhamdulillahi, mtoto kapoa, mwacheni alale." Wanawake wakaitikia kwamba ni kazi ya Mungu. Hapo nikashindwa. "Bibi, hakupoa," nikasema. "Alichoka. Ule mluzi ni hewa inapita kwa shida. Ukikatika na mtoto bado anahangaika kuhema, hewa haipiti tena." Jirani yangu akanifinya paja. "Mwenzangu, huu msiba." Nikamwambia, "Ndiyo maana nasema. Ingekuwa harusi ningenyamaza."

Bibi yule alimpenda mjukuu wake, sina shaka, na hilo ndilo linaloniuma. Alimfukiza kama alivyofukizwa yeye, akaongeza moshi juu ya kifua ambacho moshi ndio uliokibana. Lakini hakuwa peke yake. Mwenye duka la dawa amezoea kumpa kila mtoto anayehema chupa ya dawa ya kikohozi, na mama anaondoka ameridhika. Zahanati nyingine ukiulizia pumpu unaambiwa zimeisha, uende mbele, na mbele yenyewe ni Kibiti au Utete, mtoto midomo inageuka rangi. Sisi nasi, lami tunayo, simu tunazo, ugonjwa wa mtoto tunauficha kama mimba ya nje ya ndoa. Sikatai kadari, mimi Muislamu. Ila kadari haikumfungia pumpu kabatini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kimemchukua ambaye hakuficha kitu, na walioficha wamebaki wanapokea pole.

Watu walipoanza kutawanyika, mama yake akanivuta nyuma ya jiko. Macho yamevimba, sauti hana. "Najua utaandika," akasema. "Nakuomba usiandike. Ana wadogo zake wa kike." Nikamuuliza vifua vya hao wadogo vikoje. Akatazama chini, akakunja pindo la kanga, akakunjua. "Huyu wa mwisho ameanza," akasema.

Basi nimeandika, kwa ajili ya huyo wa mwisho. Jina silitaji, kwa sababu kwenye barabara hii, kuanzia kwetu mpaka Kibiti, mama wa namna hii si mmoja. Wewe unayesoma na wako ndani anapiga miluzi, unajijua. Mtoto anayeshindwa kuhema hafunikwi, na akinyamaza ghafla usimshukuru Mungu, mbebe. Anakalishwa wima, anapuliziwa pumpu yake, anakimbizwa hospitali, hata kama mtaa mzima umesimama milangoni unaangalia.