Msemo wa Dokta Niliouitikia

Siku moja katika hospitali ya Mulago haijanitoka kichwani, mwanangu, na jana umenirudisha huko. Nilikuona ukimwitikia yule mgeni wa ofisini kwa kichwa, "sawa, sawa", na macho yako yanasema hujaelewa kitu.

Nilikuwa kijana, nikiwatafsiria Wakongomani wenzangu hospitalini. Kiingereza nilikisoma shuleni, na maringo niliyokuwa nayo, we acha tu. Dokta alisimama kando ya kitanda cha Baba Neema, akamtazama mkewe kwa upole, akasema hali ya mgonjwa ni, kwa msemo wao, "gusa na uende". Kila neno nililijua. Yakikaa pamoja, sikujua lolote. Kuuliza nikaona aibu. Sauti ya dokta ilikuwa laini, basi nikakisia.

"Mama, anaendelea vizuri," nikamwambia.

Akashusha pumzi, akachukua kikapu arudi nyumbani Nateete kuwapikia watoto.

Mama Riziki, mkalimani aliyetutangulia sote, alikuwa akitafsiri kitanda cha pili, akatusikia. Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni, wala hakukificha. Akamgeukia dokta mbele ya manesi wote: "Dokta, msemo huo siujui. Niambie kama unavyomwambia mtoto."

Dokta hakukasirika hata kidogo. Akaeleza kwamba mgonjwa yuko kati ya kupona na kufa, na siku hiyo lolote laweza kutokea.

Mama Riziki akamshika yule mke mkono. "Dada, weka kikapu chini. Kaa na mume wako." Kisha akaniambia taratibu, "Umeona aibu kuuliza, ukataka huyu amkose mume wake?"

Walizungumza mchana kutwa, mke na mume. Saa kumi Baba Neema akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Misemo ya Kiingereza nimejifunza mingi tangu hapo, mwanangu, na yote kwa njia ya Mama Riziki. Sijapata kuona msomi aliyemzidi yule mama. Ukisikia msemo usioujua, usiupime kwa sura ya msemaji, wala kwa neno moja moja. Sema, "Hapo sijaelewa." Wiki ijayo unaanza kazi hii ya ukalimani, na watu watakuachia habari za waume zao na mama zao.

Mungu akupe moyo aliompa Mama Riziki, na mtu yeyote asiondoke kitandani kwa mpendwa wake kwa sababu wewe uliona aibu.