Upele Uliotaka Kumfukuzisha Mbwa Wangu

Kama kuna jambo lililonichosha roho katika maisha yangu ya kupanga, ni mbwa wangu kujikuna. Mnyama kujikuna ni kawaida yake. Walionichosha ni madaktari wa bure alioniletea. Pale Timbwani, Likoni, wapangaji tunagawana baraza moja ndefu ya saruji, milango imepangana, na sijui ni nani ambaye hakunipa dawa. Mpake oili chafu ya gari. Mtose baharini. Mmoja aliniambia nimsugue mafuta ya taa. Nikamuuliza kama yeye akiwashwa hujisugua mafuta ya taa, akaninunia.

Muarubaini nilichemsha, sikatai. Kupe na viroboto niliwatafuta mpaka macho yakaniuma, sikuona kitu. Nikamwachisha dagaa, maana mtu aliniapia kwamba dagaa ndio wanaomwasha. Mbwa akakonda bure na kujikuna kukawa kule kule. Tumbo lote lilikuwa jekundu, na nyayo alizilamba mpaka zikachubuka.

Wa kunimaliza kabisa alikuwa mama wa mlango wa pili. Mtu mzima, mcha Mungu, mwenyeji wa Likoni tangu enzi za babu zake. Nilipoleta mbwa hakupinga, kwa sababu wezi walikuwa wametuzoea, wakianua nguo zetu kambani kana kwamba wamezifua wao. Lakini kwake mate ya mbwa ni najisi, na barazani ndipo anapopita akitoka kutawadha. Basi mbwa akilala mahali, akiinuka tu, yule mama huyo na ndoo na tambara, anapiga deki. Mchana kutwa deki! Mimi niliona ananisimanga bila kufungua mdomo. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi huku ndani nachemka.

Kisha akamwita mwenye nyumba. Mbwa ana upele, alimwambia, na watoto wanacheza hapa. Mwenye nyumba akaja, akamtazama mbwa, akanipa neno moja: mwisho wa mwezi akimkuta bado yuko vile, atamchukua yeye mwenyewe. Mbwa anaowachukua hawajawahi kuonekana tena. Nami naishi peke yangu, na tangu nimpate mbwa yule ndipo nilipojua tena kulala usingizi. Niliogopa, na nilikasirika kwa kuogopa.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akamkwangua ngozi kidogo, akaitazama kwa hadubini.

"Hana upele wa kuambukiza," akasema.

"Basi ana nini?"

"Hebu mtazame. Mgongo mzima, masikio mazima. Ni tumbo na nyayo tu. Kuna kitu anakilalia."

"Analala kwenye saruji, daktari! Saruji ina nini?"

Akasema hilo nikalitafute mwenyewe nyumbani. Jamani! Nimetoka nyumbani kuja kuulizia, naambiwa jibu liko nyumbani. Nilirudi nimefura.

Nilifika na kumkuta mama wa mlango wa pili ananingoja.

"Mwanangu, mbwa wako kaniambukiza. Tazama."

Akanyoosha mikono. Ilikuwa myekundu, ngozi inabanduka, vidole vimepasuka.

"Mama, wewe hujapata kumgusa mbwa huyu hata siku moja!"

"Nimguse wapi? Wallahi simgusi. Mimi nadeki tu pale alipolala."

Nikamuuliza anadekia nini. Akanitolea chupa ya dawa ya madoa, ile kali ya kung'arishia nguo nyeupe, na akasema anaimimina vizuri, haongezi maji mengi. Nikaiona picha nzima. Mbwa yule kwa joto la Likoni anapenda saruji iliyolowa kuliko chakula. Mama akimaliza kudeki, yeye hujibwaga pale pale tumbo chini. Akiinuka, mama anadeki tena kwa sababu kalala. Na hivyo ndivyo walivyokuwa wakichomana mchana kutwa, kila mmoja na ngozi yake.

"Mama, ni dawa hii. Inawababua nyote wawili."

Aliitazama mikono yake.

"Kwa mate ya mbwa dini inataka maji na mchanga tu," akasema polepole. "Hii niliongeza mwenyewe."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Haya, nikajisemea, hilo hatalikiri mbele ya mtu.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja na kamba na gunia. Tangu mama aache dawa ile, tumbo la mbwa lilikuwa limeanza kupoa, lakini wekundu bado ulionekana. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, na wapangaji wote walikuwa wametoka kuangalia. Kabla sijafungua kinywa, mama yule akatoka amejitanda buibui, akasimama kati ya mbwa na ile kamba.

"Muache."

"Mama, si wewe uliyeniita?"

"Ni mimi. Nimemsingizia. Hana ugonjwa wowote. Mimi ndiye niliyemchoma, siku zote hizi, nikidhani najitakasa. Ukimpeleka huko akafa, atakayeulizwa na Mungu ni mimi, si wewe."

Mwenye nyumba aliguna, akakunja gunia lake akaondoka. Mimi nilibaki na maneno yangu yote mdomoni, sina wa kumtupia.

Mama hakunitazama. Alimtazama mbwa, kwa umbali ule ule anaouweka siku zote, akashika ncha ya buibui asije akamgusa.

"Niwie radhi," akamwambia.