Mafuta ya Wifi Dorca

Wanaosema Dorca alimuua kaka yake kwa mafuta waje waniulize mimi, mjane wa huyo kaka. Nimechoka kuwasikia!

Dorca alikuwa wifi yangu. Aliishi Awasi, na kazi yake ilikuwa kuchemsha majani ya mkaratusi. Alifunika sufuria, akaziba ukingo kwa unga uliokandwa, mvuke ukapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi. Yaliyotoka upande wa pili yalikuwa maji, na juu yake mafuta kidogo sana, ambayo aliyaengua kwa unyoya wa kuku. Tone moja kwenye kijiko cha mafuta ya kupikia, na fangasi za vidole vya wavuvi zilikauka. Akisikia unataka kuyanywa, utajuta. "Haya ni ya ngozi!" alifoka. "Tumboni ni sumu."

Mwaka 1991 mume wangu, Ouma, akashikwa na TB. Alipewa dawa za miezi mingi, na sindano. Dorca akaleta mafuta ya kumfukiza. "Yanamfungua pua tu, wifi," aliniambia. "Sindano asiache hata siku moja."

Basi Ouma akapumua vizuri, akala, akacheka. Lakini kila asubuhi ni kutembea hadi kliniki, foleni, sindano, arudi anachechemea. Nikamhurumia. Nikajisemea, mafuta yanayoua vidudu vya ngozi yatashindwaje na vya kifua? Nikamwambia apumzike nyumbani, kliniki aiache. Dorca akiuliza, nilijibu anaenda. Jamani, nilimdanganya mchana kweupe.

Miezi mitatu baadaye alikohoa damu nyingi. Tulifika hospitalini ameshakata roho.

Matangani watu wa ukoo wakaanza: mafuta ya Dorca ndiyo yamemmaliza. Mwenyewe alikuwa chumbani akikunja nguo za kaka yake. Nilimkuta ameshika kadi ya kliniki, tarehe zimekomea Machi. Nikapiga magoti.

Akanipa ile kadi. "Ichome," alisema, machozi yakimtoka. "Wakijua, watakufukuza na watoto wa kaka yangu."

Kisha akatoka nje, akakaa katikati ya waliokuwa wanamtukana, akasema ni kweli, ni mafuta yake. Hakuna aliyeyanunua tena. Mwaka jana tulimzika, bado wanamwita muuaji, na mimi nilikuwa hapo kaburini, kimya.