Kabeji ya Mwende

Harufu ya kabeji mbichi iliyopondwa bado hunitoa machozi. Nikiulizwa jikoni husingizia vitunguu, na mambo yanaishia hapo. Lakini wewe nitakwambia ukweli: harufu hiyo hunirudisha mtaa wa Tena, jijini Nairobi, miaka ya tisini, nikiwa darasa la pili, siku zile ploti yetu nzima ya vyumba vya kupanga ilipokuwa ikimtafuta mwanamke aliyetupa mtoto.

Mama yangu ndiye aliyemwokota. Alitoka asubuhi kumwaga majivu ya jiko, akasikia kitu kikilia nyuma ya pipa la taka, akadhani ni paka. Kumbe ni mtoto mchanga aliyezungushiwa taulo. Mama alimtia kifuani na kukimbia naye hadi zahanati akiwa na slipa za bafuni. Adhuhuri alirudi mikono mitupu. Mtoto alikuwa amemkatia roho mikononi. Mama alikaa kwenye stuli hadi jioni, na baba alipotoka kiwandani hakukuta hata chai. Aliwasha jiko mwenyewe.

Kisha ikaja hasira. Pale bombani, ambapo kina mama walipanga mitungi na umbea kwa pamoja, hakukuwa na habari nyingine. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," walisema, "na huyo si mzazi, ni shetani." Mmoja akasema akipatikana achomwe. Mama, aliyeongoza maombi ya akina mama kanisani, aliwazidi wote. "Nikimjua, polisi watafika nimeshamaliza," alisema, nami nikamwamini. Wakati wa kulala nilimwomba Mungu mwanamke yule asipatikane. Halafu nikamkumbuka mtoto, nikaomba apatikane. Sijui Mungu alifanya nini na maombi ya namna hiyo.

Jirani yetu Mama Kioko alikuwa karani mjini, na yaya wake aliitwa Mwende. Alikuwa msichana mcheshi kutoka Ukambani, ambaye alinisuka nywele bila kunivuta. Kila siku alivaa sweta kubwa, hata jua likiwaka, nasi tukamtania kwamba Nairobi ina baridi kwake peke yake. Asubuhi moja, siku chache baada ya kifo cha mtoto, alikuja bombani bila lile sweta. Aliinama kuinua mtungi, na aliposimama blauzi yake ilikuwa imelowa kifuani. Mimi nilidhani ni maji.

Mama aliitazama ile blauzi. Alikuwa katikati ya kumlaani yule mwanamke asiyejulikana, na maneno yakamkauka mdomoni. Akafungua leso yake kiunoni, akamtupia Mwende mabegani. "Jifunike, utashikwa na nimonia," akasema kwa ukali wake wa kawaida, na wenzake hawakushuku kitu. Kisha akanituma kibandani nilete kabeji.

Nilifurahi, nikidhani imeagizwa ya chakula. Badala yake tuliingia nayo kwa Mama Kioko, ambaye alikuwa kazini, nami nikaketishwa mlangoni. "Ukiona mtu anakuja, kohoa," Mama aliniambia. Nyuma yangu nikasikia majani yakipondwa kwa chupa ya soda, na Mwende akilia huku ameuma meno.

"Usidhani nimekusamehe," Mama alisema. "Inua mkono."

Niligeuka. Alikuwa akimpangia yale majani kwenye matiti yaliyovimba kwa maziwa hadi kung'aa, kisha akawa anamfunga kwa leso, polepole, kama alivyonifunga mimi nilipoungua na uji. Uso wake bado ulikuwa umekunjana. Nilichanganyikiwa kabisa. Mtu humkasirikia mwenzake hivi, halafu anamuuguza hivi?

Ndipo Mwende akamuuliza Mama kwa sauti ndogo, "Mama Nekesa, alikuwa kijana ama msichana?"

Mikono ya Mama ilisimama. "Kwani hukuangalia?"

"Kulikuwa na giza huko choo. Nilikuwa naogopa."

Mama akasema, "Msichana," na mara wote wawili wakawa wanalia, Mama kwa sauti kuliko Mwende, amemkumbatia huku majani yakidondoka sakafuni. Mimi nikakohoa. Hakuna mtu aliyekuwa anakuja. Sikujua tu la kufanya.

Mwende alikaa kwetu mpaka maziwa yakakauka. Mama, ambaye alinifinya masikio kwa uongo wa kuficha sukari niliyolamba tu, alimwambia Mama Kioko kwa macho makavu kwamba msichana ana tetekuwanga, asije akawaambukiza watoto. Alimpikia uji wa wimbi kama anavyopikiwa mzazi yeyote kwetu. Siku nyingine alimwekea kikombe kwa kishindo hadi uji ukamwagika, halafu akapangusa meza na kumwongezea. Bombani kina mama waliendelea kumlaani shetani wao, na Mama alichota maji yake bila neno. Kisha akampakia Mwende basi la kwao, na sikumwona tena.

Kwa miaka mingi swali la Mwende lilinichanganya kuliko kifo chenyewe. Mama gani hajui amezaa nini?

Halafu nikazaa mimi. Muuguzi alimwinua mtoto mbele ya macho yangu kabla hata hajampangusa, kama wanavyofanya ili kusiwe na ubishi baadaye. "Mama, angalia vizuri. Niambie mwenyewe, umepata mtoto gani?" Taa zilikuwa zikiwaka, na mikono ya watu ilikuwa imenishika huku na huku.

"Msichana," nikasema, nikaangua kilio.

"Wacha hizo!" muuguzi akanigombeza. "Siku hizi wasichana ndio wanajengea wazazi nyumba."

Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa namlilia Mwende, ambaye hakuwa na mtu wa kumwinulia wake.