Mchezaji wa Kuazimwa

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na bibi yako akisikia hivyo ataninyima chai. Ilikuwa Jumamosi, uwanja wa mpira wa kikapu wa Mwanga, nami nilikuwa kijana mwembamba wa Ujiji niliyeinama kuingia milango ya watu. Siku hiyo imenirudia tangu jana, ulipokuja kunisalimia na medali shingoni. Nilikuuliza mchezo ulikuwaje, ukajibu, "Babu, hata jasho halikututoka." Kisha ukanisimulia kwamba wale wasichana mliowafunga wanalalamika, wanasema mashindano haya ya shule ndogo yanawafaidi wenye nguvu tu, na mwakani hawaji. Ukacheka. Mimi sikucheka, ila nilikuwa na samaki wa mgebuka mdomoni na sikutaka kusema na miiba. Leo mdomo uko wazi. Kaa nikwambie.

Zamani zetu pia shule ndogo zilitengewa mashindano yao, ili zisimezwe na zile kubwa. Nia ilikuwa njema, wala siibezi. Lakini shule mbili zinaweza kuwa ndogo na zisifanane kabisa. Yetu ilikuwa ndogo ya mjini. Tulikulia kwenye sakafu ya saruji, mipira tulikuwa nayo, na benchi letu lilijaa mpaka wengine wakakaa chini. Ile nyingine ilitoka Kalinzi, kule juu kwenye kahawa. Wao walifanya mazoezi kwenye udongo, na mvua ikinyesha mpira haudundi, unakaa tu. Siku ile walikuja watano bila mtu wa akiba, wameteremka alfajiri juu ya magunia ya lori. Na kwa kuwa sisi tulikuwa mabingwa, ratiba ilitupa mapumziko wakati wao wakicheza asubuhi juani. Walishinda, wakaingia fainali kukutana nasi, lakini mmoja wao aliteguka kifundo cha mguu. Wakabaki wanne.

Kwa sheria za mashindano yale, timu isiyotimiza watano imeshindwa. Refa alikuwa tayari kutupa ushindi wa mezani, na wenzangu wakaanza kurukaruka. Nami niliruka, tena juu kuliko wote, maana bingwa alikuwa anakwenda Tabora kwa treni kucheza na mikoa mingine. Mimi treni nilikuwa naisikia honi yake tu. Nilikuwa sijaipanda maishani mwangu, na hamu yake ilikuwa inaninyima usingizi.

Basi nahodha wao, kijana mfupi mwenye mabega mapana aliyeitwa Bukuru, akavuka uwanja peke yake mpaka kwenye benchi letu. Akamwamkia mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Kasimu, kwa adabu zote, kisha akasema, "Mwalimu, tunaomba mtuazime mtu mmoja."

Tuliangua kicheko. Mwalimu Kasimu hakucheka. Yeye alikuwa mtoto wa wavuvi wa Bangwe, na kwao chombo kikipungukiwa mtu jirani humtoa wa kwake, wakaenda kuvua wote dagaa wale wale wanaowagombea. Labda aliyakumbuka hayo, labda alimwonea tu huruma yule kijana. Akamgeukia refa. Refa akasema mkikubaliana wenyewe yeye hana neno, atapuliza filimbi na matokeo yatahesabiwa.

"Wape Juma!" wenzangu wakapiga kelele. Juma, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema sana lakini mpira ulimwogopa.

"Nikiwapa Juma nitakuwa nimewapa nini?" Mwalimu akajibu. Akanitazama mimi, mchezaji wake wa kutegemewa. "Wewe. Vaa jezi yao."

Mwanangu, ile jezi ilinifika kitovuni. Watu walicheka mpaka wakashikana. Kilichoniuma zaidi si kicheko. Nilijua kwamba nikicheza vizuri naweza kujinyima treni mwenyewe, kwa mikono yangu. Kwa hiyo nikacheza kama mtu aliyetumwa dukani bila kutaka. Nilitoa pasi nzito, nikachelewa kurudi kukaba, na kila nilipokutana na mwenzangu wa Ujiji nilimpisha. Ilipofika mapumziko tulikuwa tumeachwa mbali.

Bukuru alichukua dumu la maji akanipa mimi kwanza, mgeni wao. Akangoja ninywe. Ndipo akasema, bila hasira yoyote, "Kaka, kama umekuja kutusaidia kushindwa, pumzika. Kushindwa tunaweza wenyewe, hata wanne."

Nimekaripiwa na wazee wengi katika maisha yangu, na baba yangu hakuwa mchache wa maneno. Hakuna aliyenipata kama yule kijana wa rika langu. Niliona aibu, na aibu ile ikaingia miguuni.

Tuliporudi uwanjani nilicheza. Na kwa kuwa nilikuwa upande wa pili, niliiona timu yangu kwa mara ya kwanza. Nilidhani sisi ni hodari, kumbe tulikuwa wavivu wenye bahati! Walikuwa wakitaniana mchezo ukiendelea. Walisimama mikono kiunoni. Saidi, mfungaji wetu mkubwa, alikuwa anakwenda kulia tu kila mara, kwa sababu hapakuwahi kutokea mtu wa kumlazimisha kwenda kushoto. Nikamnong'oneza Bukuru, "Yule mzibie kulia."

"Ego," akaniitikia, ndiyo ya Kiha, na kazi ikaanza.

Saidi alipoteza mpira, akaupoteza tena, akaniita msaliti mbele ya watu. Pengo likapungua. Vijana wale wa Kalinzi walikuwa wamechoka hoi, wanahema kwa mdomo, lakini hakuna aliyesimama. Ukafika wakati tumebakiza kikapu kimoja tuwafikie, na mpira wa mwisho uko mkononi mwangu. Treni niliikumbuka, sikudanganyi. Nikaurusha kwa moyo wote. Ukazunguka kwenye ringi, ukatoka nje, na filimbi ikalia.

Tulishindwa. Nasema tulishindwa, ilhali kombe lilichukuliwa na shule yangu na treni nilikuwa nimeipata. Nililia pale uwanjani ndani ya jezi fupi ya watu, na Bukuru ndiye aliyenishika bega. Mwalimu Kasimu aliwaambia wenzangu, "Mwaka huu mzima, leo ndiyo mmecheza."

Tabora walimzibia Saidi kulia tangu mwanzo. Lakini alikuwa amekwisha kujifunza kushoto, kwa hasira ya siku ile, na hatukuaibika. Na mwaka uliofuata Kalinzi waliteremka na benchi lililojaa, maana vijana wa kule walisikia kwamba mabingwa waliponea chupuchupu.

Sasa sikiliza ninalokuusia. Hao wasichana hawakusema uongo, usiwacheke. Ratiba inamfaidi mwenye nguvu, benchi linamfaidi, na medali anavaa yeye. Ila mchezo usiokutoa jasho haukufundishi kitu, na siku utakapokutana na wa kukuzibia kulia utaniambia. Ukiwaacha wakate tamaa wasirudi, utabaki unashinda viti vitupu. Kwa hiyo mwombe mwalimu wako muwaalike mazoezini. Changanyeni timu, nawe uvae jezi yao. Ukiivaa, usiwasaidie kushindwa. Wakikosa mtu siku ya mashindano, usikimbilie ushindi wa mezani, jitolee wewe kabla hawajaomba. Najua itakuuma. Mimi iliniuma, na mpaka leo kila msimu wa viazi Bukuru hunipigia simu kutoka Kalinzi, mzee mwenzangu sasa, ananiita "mtu wetu wa kuazimwa". Kombe la mwaka ule hata sijui liliishia wapi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe afya na magoti yasiyouma kama haya yangu. Akuzidishie nguvu, na kila anapokuzidishia, akuletee na mtu wa kukuzuia.