Nyumba niliyonunua Katoro ilinimeza mchana kweupe, ndiyo maana leo napanga kwa bei kali

Wakuu, heshima zenu. Mlionizidi umri, shikamooni. Haya yamenipata mwenyewe na makovu ninayo. Nimeishia darasa la nne, mnisamehe mwandiko.

Saa nne asubuhi, jua linawaka. Nimekaa kwenye kochi sebuleni, nyumba yangu ya kununua, nasubiri chai.

Sakafu ikalia kaaa, kama gogo linalopasuka.

Kufumba na kufumbua kochi halipo. Mimi nimenasa kifuani kwenye zege, miguu inaning'inia hewani. Nasikia vipande vinadondoka chini, na vinachelewa kufika.

Mke wangu, Mama Kabula, akatokea na sufuria mkononi.

"Baba Kabula, usikohoe. Hata kupumua, pumua kidogo."

Majirani wakanivuta kwa kamba ya manila, ile ile ya kushukia machimboni. Mbavu zilivunjika, na nyonga mpaka leo haijakaa sawa.

Sasa turudi nyuma.

Nimekula vumbi la machimbo miaka mingi, kuanzia kandokando ya Bulyanhulu mpaka Katoro. Nikapata kidogo, nikasema ninunue nyumba nipumzike. Muuzaji alikuwa Luhende, mwenye maduara. Kwa msiojua, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, linashuka kama kisima. Shahidi wa mauziano akawa Balele, mwenyekiti wa kitongoji.

Siku ya kukagua nikaona uani mawe meusi yanang'aa. Mchimbaji yeyote anajua mawe yale hayazaliwi juu. Tena udongo wa uani mwekundu, ila jirani na sebule ni wa kijivu, kifusi kabisa.

Mwenye akili angeuliza. Mimi nikafurahi kimoyomoyo.

Nikajisemea, huyu mzee hajui kuwa amekalia mwamba wa dhahabu. Nikiuliza atapandisha bei. Acha ninunue, nitachimba chumbani kwangu taratibu, mlango nimefunga.

Mama Kabula akaninong'oneza, "Mbona ukitembea sebuleni panaitika kama ngoma?"

Nikamjibu, "Mayu, wewe angalia jiko."

Tukasaini. Luhende akanishika mkono anacheka, "Bhabha, hapa utazeekea." Na mimi nacheka, najiona nimempiga.

Nikiwa nimelazwa, akaja kuniona Shija, aliyewahi kumchimbia Luhende. Akaniambia ukweli huku anaangalia dirishani. Pale sebuleni palikuwa na duara. Lilipokosa mali, Luhende aliwaamuru wachimbaji wake watandike magogo juu, kifusi, halafu zege, akajenga nyumba hapo hapo. Mchwa wakafanya kazi yao.

Na Balele alikuwa na hisa kwenye duara lile. Shahidi wangu huyo.

Leo napanga Shinyanga mjini, nyumba nzuri, kodi inauma kweli. Shemeji yangu kila akija ananicheka, "Kwa kodi hii si ungekuwa na nyumba yako?"

Namwambia nilikuwa nayo, shemeji. Ilitaka kunila.

Mnaowaona wenye hela wanapanga majumba ya gharama mkadhani ni sifa au ujinga, waulizeni kwanza walinunua wapi. Mpangaji akiona ufa anafungasha. Mwenye nyumba anaona ufa anapaka rangi, anajidanganya. Mimi silipii geti wala vigae. Nalipia kukanyaga chini na chini pawepo.

Nilichojifunza: ukanda huu usiishie kwenye karatasi. Tafuta waliowahi kuchimba pale, gonga sakafu, msikilize mkeo. Na ukiona kitu unafurahi muuzaji asikijue, jua ndicho hicho anachokuficha.

Yaliyowapata wengine yamwageni hapa chini, hata mnaotaka kunicheka karibuni.

Ila Luhende na Balele, najua mna watu wenu humu. Nimesikia kuna nyumba nyingine inapakwa rangi, ile iliyo juu ya duara lenu la pili. Kabla familia ya mtu haijaingiza vitanda, nijibuni mbele ya wote: lile mlilifukia, au mmelifunika?